Wasemaje? Mazungumzo na wanafunzi wa Tanga juu ya kupanga insha

Jumamosi moja asubuhi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne katika ukumbi wa shule moja hapa Ngamiani. Baadaye walimu wawili walinifuata wakitaka maneno yale wayapate kwa maandishi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimepunguza tu kikohozi, na pale umeme ulipokatika nikawa napaza sauti kama mnadi wa samaki.

Marahaba, wanangu. Kaeni.

Mshereheshaji amenipa karatasi hii. Ina majina ya watu kumi na wanne ninaotakiwa niwataje kabla sijasema neno. Nitafanya kama wafanyavyo wakubwa: itifaki imezingatiwa. Wageni wetu mniwie radhi.

Mnacheka, lakini somo limeshaanza. Nani humu hajawahi kukaa kwenye sherehe, juani, akimsikiliza mzungumzaji anayetaja wageni robo saa nzima, akaeleza furaha isiyo kifani aliyonayo, akashukuru kwa mvua, akashukuru kwa maji ya chupa, halafu anapokaribia jambo lililomleta anapenyezewa kikaratasi kwamba muda umekwisha? Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja. Insha nyingi nilizosahihisha zilikuwa sherehe ya namna hiyo. Ukurasa wa kwanza wote ni itifaki.

Mimi ni mtoto wa hapahapa Ngamiani. Nyumba yetu ilikuwa na baraza, lile la saruji mbele ya mlango, lililosuguliwa na makalio ya watu mpaka likang'aa. Baada ya Alasiri wazee walikaa pale, muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe vyake, kashata zikatoka. Miongoni mwao alikuwapo fundi cherehani mmoja, mtu wa maneno machache. Mtu akija na habari ndefu, ati nilikuwa natoka Makorora nikakutana na fulani, unamjua, yule aliyeoa kwa kina fulani, fundi alishusha kikombe na kumwuliza: "Wasemaje?"

Haikuwa salamu ile. Alitaka jambo lenyewe, kwa pumzi moja. "Nasema bei ya nazi imepanda." Haya, sasa endelea na huyo uliyekutana naye. Aliyeshindwa kujibu alipewa kahawa anywe kwanza, afikiri. Hakuna aliyekatazwa kusimulia. Alikatazwa kusimulia kabla hajajua anasimulia nini.

Nimesoma vitabu kadhaa vya utunzi tangu wakati ule, vingine vizuri sana, na sijakuta kanuni ya kupanga insha inayolishinda swali la yule fundi.

Ninyi mmefundishwa kwamba insha ina kichwa, utangulizi, kiini na hitimisho. Nami nimefundisha hivyohivyo, nikachora na masanduku ubaoni. Si uongo. Lakini ni sawa na kumweleza mtu kwamba kiumbe ana kichwa, kiwiliwili na miguu: hata mbuzi yumo. Masanduku hayakwambii kipi kitangulie ndani ya kiini, wala kwa nini aya ya tatu isiwe ya pili. Na hapo ndipo wengi wenu mnapozama. Utangulizi mnaukariri, hitimisho mnalikariri, katikati mnamwaga.

Neno lenyewe insha tumelipata kwa Waarabu, na kwao lina maana ya kuunda, kuanzisha kitu ambacho hakikuwapo. Basi ni kazi ya mjenzi, na hakuna fundi mwashi anayeanza kupandisha ukuta huku anajiuliza kama anajenga duka au msikiti. Na hapa Tanga hatuna udhuru. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Machui, nje kidogo ya mji huu, mwaka 1909, na kaburi lake liko hukohuko Machui. Mtu yule alikuwa karani wa forodha. Hakuwa profesa. Pamoja na mashairi yote mnayomjua nayo, aliona haja ya kukaa chini akaandika kitabu cha kuonyesha namna ya kutunga insha, kikachapwa mwaka 1954. Nawaambia hili kwa sababu kila mwaka mtoto mmoja hunijia akisema, "Mwalimu, insha ni kipaji." Kama ingekuwa kipaji tu, mwenye kipaji kuliko wote asingejisumbua kuandika kitabu cha kuifundisha.

Haya, tufanye kazi. Nitachukua swali moja tulipeleke mpaka mwisho, kuliko kuwapa kanuni ishirini mzisahau mkifika getini. Swali: "Zao la mkonge limekuwa na faida kubwa kwa mkoa wa Tanga. Jadili."

Kabla ya mkonge, tazameni neno la mwisho. Jadili. Mtahini angeweza kusema eleza, na ungeorodhesha faida ukaondoka na alama zako. Angesema linganisha, angetaka vitu viwili vikae kwenye mizani moja. Angesema thibitisha, angekuwa ameshakupa msimamo na anakudai ushahidi. Lakini amesema jadili. Amekutupia sentensi, anataka kukuona ukibishana nayo: ni kweli kiasi gani, kwa nani, mpaka lini. Nimewaona wanafunzi wenye Kiswahili kitamu kama halua wakiandika faida sita za mkonge, mwandiko umenyooka, viunganishi vimejaa, wakapata nusu ya alama. Wakalalamika kwamba mwalimu anawachukia. Walijibu swali la jirani.

Sasa fundi anauliza: wasemaje juu ya mkonge?

Mwanafunzi wa kwanza atasema: "Nasema mkonge una faida nyingi." Nani kakataa? Hiyo ndiyo sentensi ya mtahini, umemrudishia mwenyewe.

Wa pili atasema: "Nasema mkonge una faida na hasara." Hata chumvi ina faida na hasara. Ukiweza kuutoa mkonge ukaweka simu, bodaboda au mvua, na sentensi ikabaki kweli, basi hujasema kitu juu ya mkonge.

Mimi ningejibu hivi: "Nasema mkonge uliijenga Tanga, lakini uliisimamisha juu ya nguzo moja, nguzo ilipotikisika, mkoa mzima uliyumba." Unaweza kunipinga. Ndiyo vizuri. Sentensi isiyopingika haina insha ndani yake.

Angalieni sasa kinachotokea. Nikishaitamka sentensi hiyo barazani, wazee hawanyamazi. Wanaanza kuuliza, na wanauliza kwa mpangilio bila mtu kuwapanga. Uliijenga vipi? Una maana gani kusema nguzo moja? Ilitikiswa na nini? Je, hakuna kilichosalia? Hayo maswali ndiyo aya zenu. Hamhitaji kutafuta hoja hewani. Yaandikeni pembeni ya karatasi, swali moja mstari mmoja, na mpango wa insha umekwisha kwa dakika tano. Swali la pili haliwezi kuulizwa kabla ya la kwanza kujibiwa, kwa hiyo hata mfuatano umejipanga.

Uliijenga vipi? Hapa mtu ataandika haraka: "Wajerumani walijenga reli ya Tanga kwa ajili ya mkonge." Inapendeza, inaingia vizuri, na si kweli. Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, ikielekea kwenye mashamba ya walowezi milimani Usambara. Mkonge nao uliletwa mwaka huohuo wa 1893. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Hakuna mtu mwenye akili anayejengea reli miche 62. Ukweli ni kwamba reli ilikuwapo, mkonge ukakua, ukaikuta, ukaitumia. Mnaona? Swali la pili la barazani baada ya "wasemaje" ni "nani kasema?" Kila hoja ipitishe hapo kabla hujaipa aya. Ukiwa na mwaka na idadi, weka. Ukiwa huna hakika, andika unachokijua, uache kupamba.

Na msidhani lazima kila kitu kiwe tarakimu. Nitawasomea aya moja. Niliipata kwenye madaftari ya zamani, mwenyewe sasa ni mtu mzima, hatanidai:

"Mkonge una faida nyingi kwa jamii. Faida mojawapo ni ajira. Aidha, mkonge huleta fedha za kigeni. Vilevile, mkonge hutumika kutengeneza kamba. Isitoshe, mkonge umesaidia ujenzi wa shule na hospitali. Pia mkonge huhifadhi mazingira."

Kosa liko wapi? Sarufi ni safi. Tahajia ni safi. Lakini amewakaribisha wageni watano chumba kimoja, na hakuna aliyepewa hata maji. Ajira imefika mlangoni, kabla haijakaa imesukumwa na fedha za kigeni. Ajira ya nani? Kutoka wapi? Ilibadilisha nini? Halafu tazameni hao aidha, vilevile na isitoshe. Kazi yao ni ya grisi kwenye mnyororo wa baiskeli: mnyororo ukiwapo, grisi inasaidia. Yeye hana mnyororo, amepaka grisi barabarani.

Chukueni ajira peke yake, mpeni chumba chake. Mimi ningeandika:

"Mashamba ya mkonge hayakutosheka na wenyeji. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kigoma, Songea na hata Msumbiji. Waliingia kwa mkataba, wakahesabiwa kwa namba, na namba hizo ndizo zilizowapa jina la manamba. Mkataba ulipokwisha wengi hawakurudi kwao. Walioa, wakalima, wakazika wazazi wao huku. Ndiyo maana leo mtu akitembea Muheza anaweza kusikia Kibondei, Kiha na Kimakonde kabla hajafika sokoni. Kabla haujamvalisha mtu wala kumjengea nyumba, mkonge uliwaleta watu wenyewe."

Hakuna aidha hata moja. Kila sentensi inashikwa mkono na iliyotangulia: waliletwa, basi waliingiaje, waliingia kwa namba, basi wakaitwaje, mkataba ukaisha, basi wakaenda wapi. Aya ni mazungumzo madogo ndani ya mazungumzo makubwa. Na humu ukumbini wapo ambao babu zao walikuja kwa namba. Hamkuhitaji kitabu kuyajua haya, mlihitaji kumwuliza bibi.

Aya inayofuata inajibu "nguzo moja": mwaka 1964 nchi hii ilizalisha mkonge zaidi ya tani 200,000, na hakukuwa na nchi nyingine duniani iliyotushinda. Bandari, reli, maduka, mpaka timu za mpira na bendi za muziki za mji huu, vilikula sahani moja na mkonge. Inayofuata inajibu "ilitikiswa na nini": kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha na mashamba mengi yakataifishwa. Hapo wazee watabishana, wengine watalaumu nailoni, wengine uendeshaji. Nawe chagua, utoe sababu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 30,000. Halafu "hakuna kilichosalia?" Kimesalia: mashamba yapo, mengine yanalimwa na wakulima wadogo. Tena kuna jambo ambalo ningelitia hapo kwa sababu linanishangaza kila nikilifikiri. Nyuzi tunazozichukua kwenye jani la mkonge hazifiki hata asilimia 5 ya uzito wake. Miaka yote ile, hata wakati tukiwa wa kwanza duniani, sehemu kubwa kabisa ya jani tuliitupa. Siku hizi makapi yale yameshaonyeshwa kuwa yanatoa gesi na umeme. Mwenye sentensi ya nguzo moja atajua la kufanya na habari hiyo. Mwenye sentensi ya "faida nyingi" ataiandika kama faida namba saba.

Sasa jaribio la mkasi. Nilikuwa nikilifanya darasani, watoto wakilichukia. Mwanafunzi anaandika insha upande mmoja wa karatasi, mimi naikata aya kwa aya, nampa jirani yake azipange upya. Jirani akizirudisha mahali pake, insha ina mpangilio. Akizipanga kwa namna tatu na zote zikaonekana sawa, insha haina mpangilio, ina foleni. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, lakini nimeweka kwanza, pili na tatu." Nikamwonyesha: jirani yako amekuwa akifuta hizo kwanza na pili anaandika zake, na hakuna kilichoharibika. Hilo fanyeni nyumbani, hata kwa vidole bila mkasi. Funika aya ya pili, usome ya kwanza na ya tatu. Kama hukuona pengo, ile uliyoifunika ilikuwa ya kujaza ukurasa.

Utangulizi. Hapa nina ugomvi wa miaka mingi na kamusi. Si kwamba siipendi, ninazo tatu nyumbani. Lakini "kwa mujibu wa kamusi, rushwa ni..." imekuwa kama sauti ya jenereta: msahihishaji haisikii tena. Anayo kamusi. Toa maana pale tu ambapo maana yenyewe ndiyo ugomvi. Ukiulizwa juu ya maendeleo, sawa, tuambie maendeleo kwako ni lami au ni mtoto kutolala njaa, kwa kuwa hapo hoja yote itategemea. Mkonge hauna haja ya kufafanuliwa kwa watu wa Tanga. Nyingine ni ile ya "katika ulimwengu wa leo wa sayansi na teknolojia". Na ya tatu: "Katika insha hii nitaeleza faida za mkonge." Bwana, usiniahidi ugali, nipakulie.

Insha yetu ningeianza na ile miche. Mwaka 1893 iliagizwa miche 1,000, ikafika hai 62. Sentensi ya pili: miaka sabini baadaye uzao wake ulikuwa umeifanya nchi hii ya kwanza duniani. Sentensi ya tatu ni ile ya barazani, mkonge uliijenga Tanga, lakini juu ya nguzo moja. Mistari mitano, basi. Msomaji amejua nasemaje, na ana hamu ya kujua nguzo ilitikiswaje. Mkifanya mtihani na kichwa kikakataa kutoa utangulizi mzuri, andikeni hiyo sentensi ya barazani peke yake, mwendelee na safari. Nimewaona watoto wakikaa dakika kumi na tano wanapamba mlango, nyumba ikakosa paa.

Kuna mwalimu ameniomba niguse insha za masimulizi, "Siku nisiyoisahau" na ndugu zake. Nitawapa aibu yangu mwenyewe. Nikiwa darasa la sita tulipewa mada hiyo. Kaka yangu alikuwa na daftari lenye insha ya safari ya mbugani, ilipata alama nzuri, ina simba anayenguruma na gari linalokwama. Nikaikariri yote, mpaka koma. Mimi wakati huo sikuwa nimevuka Korogwe. Nikaandika, nikatulia. Daftari likarudi na sifuri, na chini yake kwa wino mwekundu: "Simba huyu nilimpa alama miaka mitatu iliyopita." Kila nikikutana na kaka yangu hunguruma.

Na siku ileile niliyokuwa naandika uongo ule, nilikuwa na siku nisiyoisahau ya kweli, ya wiki mbili nyuma. Nilikuwa nimetumwa mafuta ya taa, nikapakia chupa kwenye baiskeli ya baba bila ruhusa, nikaanguka nayo mbele ya watu wote waliokuwa wakitoka Ijumaa. Kila kitu kilikuwapo: kosa, hofu, mashahidi, harufu isiyotoka kwenye kanzu ya mtu. Nilidhani si kubwa ya kutosha kuandikwa. Masimulizi yanapangwa kwa lile lile swali, ila fundi hapa anauliza: wasemaje, kumetokea nini? Basi anza karibu na tukio. Usituamshe saa kumi na mbili alfajiri, ukatupigisha mswaki, ukatunywesha chai, ikiwa chupa inavunjika saa saba mchana. Tuanze na baiskeli ikiyumba. Chai kama ina kazi, tutaikuta mbele.

Insha ya methali sina mengi. Kisa kimoja, kikae ndani ya maana ya methali kama mguu ndani ya kiatu. Ukimaliza kisa ukahitaji ukurasa mzima kueleza kinahusianaje na methali, hicho kiatu cha mwingine.

Hitimisho nalo nitalipitia mbio. Fundi, ukimaliza kusema, huuliza: "Kwa hiyo?" Mjibu hilo. Usimrudishie yote uliyomwambia, alikuwa anasikiliza. Usilete hoja mpya ukiwa umeshika kitasa cha mlango. Kwa mkonge wetu, kwa hiyo yangu ingekuwa moja: mkoa ukiambiwa leo kwamba zao fulani au mradi fulani ndio utakaotuinua, tuulize nguzo ya pili iko wapi. Nukta.

Mambo ya mikono: kichwa kiandikwe kwa herufi kubwa, kifupi, kisizidi maneno matano, upige mstari. Mkinijia na kichwa cha mistari miwili nitajua mmeandika insha mahali pasipo pake. Aya ijongezwe ndani au irukwe mstari, mojawapo, si leo hivi kesho vile. Dakika tano za mpango zisiibiwe na mtu, hata ukimwona jirani ameshageuza ukurasa wa pili. Mwacheni ageuze. Mpango uandike upande wa nyuma ama pembeni, ukimaliza upige mstari wa kuukata. Na dakika tatu za mwisho soma kwa kunong'ona. Sikio litashtuka pale ambapo jicho limepita.

Sasa nimesema peke yangu muda mrefu kuliko nilivyowakanya. Toeni daftari. Hapana, msiniandikie insha. Nataka sentensi moja, ile ya barazani. Swali hili hapa, linahusu mji wenu: "Bodaboda zimeiondoa baiskeli Tanga. Jadili." Dakika tano.

(Nikatembea kati ya madawati. Wengi walikuwa wameanza na tarehe na jina la somo, wakapigia mstari kwa rula. Walipomaliza niliita watatu.)

Kijana wa kwanza alisimama akasoma: "Bodaboda ina faida na hasara." Ukumbi mzima ukamjibu: "Hata chumvi!" Akacheka mwenyewe, akakaa.

Wa pili: "Bodaboda zimeiondoa baiskeli kwa sababu zina kasi." Nikamwambia anakaribia, lakini swali langu la pili linamngoja: kasi ilikuwapo tangu zamani, pikipiki si kitu kipya. Kwa nini zimejaa miaka hii na si ile? Akishajua hilo, ana insha.

Wa tatu alikuwa binti wa safu ya nyuma. Alisoma polepole, kidole kwenye mstari. "Nasema baiskeli haijaondoka Tanga. Imeacha kubeba watu, sasa inabeba biashara."

Nikamwuliza: "Nani kasema?"

"Baba yangu. Anauza mikate kwa baiskeli, huko Mabawa. Anasema akipanda pikipiki, mafuta yatakula faida yote ya mkate."

"Keti," nikamwambia, "uendelee kuandika."